Benki ya nyumba ni sisi wapangaji

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo mjadala wa Katiba Mpya, tuongee kuhusu chumba. Chumba kimoja cha kupanga, hapa hapa Sofu, Kibaha Mjini, ninapolala mimi.

Mwezi uliopita mkataba wangu uliisha. Mama mwenye nyumba akaniita barazani, akanipa kiti, akasema: "Mwanangu, safari hii nipe ya miezi sita kwa mpigo. Tatu siwezi." Kodi ni Sh 60,000. Piga hesabu: Sh 360,000. Mimi nauza vifaa vya simu Mailimoja. Mwezi ukiwa mzuri nabaki na 250,000, ukiwa mbaya nabaki na madeni. Nikamuuliza, mama, kwani kuna nini? Hakunificha. Akanipeleka uani, akanionyesha vyumba vitatu. Kuta zimefika kwenye lenta, magugu yameota ndani. "Nataka kupaua kabla ya masika," akasema. "Hela ya bati nitaitoa wapi kama sio kwenu?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na hoja zangu zote kichwani kuhusu wenye nyumba na tamaa zao. Zikaniishia pale pale uani. Yule mama ni mjane, hana pensheni, hana ajira, ana boma lisilo na bati. Hakuna benki itakayomkopesha. Kwa hiyo anakopa kwangu. Mimi nisiye na kiwanja kilichokamilika wala mshahara wa uhakika ndiye ninayemkopesha mtu mwenye nyumba, bila riba, miezi sita kabla ya muda.

Zidisha hiyo kwa kila chumba cha Sofu, Picha ya Ndege, Kongowe, Mbezi, Gongo la Mboto, Mbagala. Utaona kitu ambacho hakimo kwenye hotuba yoyote ya bajeti: benki ya nyumba ya nchi hii ni sisi wapangaji. Na wengi wetu ni vijana.

Hoja yangu leo ni hiyo moja. Fedha ya umma ya makazi ipo, na sio kidogo. Tatizo ni kwamba inapita juu ya vichwa vyetu inaenda kwenye ghorofa za kuuza, huku nyumba wanazoishi watu wengi zikijengwa kwa kodi ya miezi sita ya mtu anayeuza chaja.

Tumefikaje Sofu?

Wengi wetu hatukuzaliwa hapa. Tumesukumwa. Dar es Salaam kwa Sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 5.3, na kila mwaka chumba cha bei ya kawaida kinazidi kusogea nje. Ilikuwa Ubungo, ikawa Kimara, ikawa Mbezi, sasa ni Kibaha. Wengine walisukumwa kwa katapila. Mwaka 2017 nyumba zilizo kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuja Kiluvya, zilivunjwa ili barabara ipanuliwe. Leo tunapita kwenye njia nane, Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Ni barabara nzuri, sikatai. Lakini muulize aliyekuwa na nyumba pale kama alipata pa kwenda.

Mkoa wetu wa Pwani sasa una watu zaidi ya milioni 2. Viwanda vinaongezeka, bandari kavu ya Kwala ipo, treni ya SGR inapita Soga na Ruvu. Kila kiwanda kinachofunguliwa kinaleta vijana wanaotafuta chumba. Wanafunguliwa geti la kiwanda, hakuna anayejiuliza watalala wapi. Wanalala kwa mama yangu wa Sofu, kwenye vyumba vitatu ambavyo bado havina bati.

"Nyumba nafuu" ni nafuu kwa nani?

Serikali ya CCM itasema inajenga. Ni kweli inajenga, na mimi sitaki tuwe wapinzani wa kukataa kila kitu. Magomeni Kota nasimama naipongeza. Kaya 644 zilizoondolewa pale zilisubiri takribani miaka kumi, na Machi 2022 Rais Samia alizindua nyumba 656, wale wakazi wa zamani wakarudi. Mpangaji wa nyumba ya umma kurudishwa palepale katikati ya mji, sio jambo dogo. Limewezekana kwa sababu watu walipiga kelele miaka yote hiyo. Tukumbuke hilo, ni somo.

Ila angalia mradi mkubwa uliofuata. Mwaka 2022 Shirika la Nyumba la Taifa lilianza mpango uliopewa jina la Rais, wa nyumba 5,000, nusu yake Dar es Salaam. Gharama iliyotangazwa ni Sh 466 bilioni. Gawanya mwenyewe kwenye simu yako: ni zaidi ya Sh 93 milioni kwa nyumba moja. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni Sh 500,000. Asipokula, asipopanda daladala, asipomtumia mama yake hata mia, atahitaji miaka 15 na nusu kufikisha gharama ya nyumba moja. Huyo ni mtumishi wa umma, mwenye ajira na hati ya mshahara. Bodaboda je? Mama ntilie je? Mimi je?

Halafu weka upande wa pili. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, nyumba 5,000 ni mahitaji mapya ya siku tisa. Bilioni 466, siku tisa! Siku ya kumi tunarudi palepale.

Na hiyo ni miradi inayokamilika. Kule Kigamboni kuna Dege, mradi wa NSSF na mbia wake, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ulisimama mwaka 2016. Maghorofa yakabaki magofu yakitazama bahari, na hela iliyoingia mle ni michango ya wafanyakazi. Mwanachama wa NSSF anayepanga chumba Sofu ana hisa yake kwenye zege la Dege, lakini kulala ndani yake hajawahi.

Mtaambiwa: kakope benki

Tukisema nyumba ni ghali tunajibiwa kuna mikopo ya nyumba. Haya, tukakope. Riba ya mikopo hiyo kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua ile ya chini kabisa, 15. Chukua nyumba ya bei ndogo, Sh 50 milioni. Lipa kwa miaka 20. Rejesho ni karibu Sh 658,000 kila mwezi. Yaani mshahara wote wa kima cha chini cha serikali hautoshi, na bado hujanunua unga.

Ndio maana mwaka 2010 ilianzishwa kampuni ya TMRC ili mabenki yapate fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, na hadi leo wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni maelfu machache tu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 61! Benki hazina ubaya wa kipekee hapo. Zinataka hati, na sisi hatuna hati. Zinataka hati ya mshahara, na sisi tunalipwa kwa siku. Mlango umefunguliwa, ila umewekwa juu ya ukuta.

Wazee wetu walijaribu njia nyingine, na vijana wengi hawaijui. Mwaka 1973 ilianza Benki ya Nyumba Tanzania, THB. Mwaka uliofuata ukaundwa mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri waliuchangia asilimia 2 ya jumla ya mishahara wanayolipa. Wazo lilikuwa sahihi: mwenye kipato kidogo akope kwa riba ndogo, ajenge mwenyewe. Kilichoiua ni mikopo isiyorejeshwa na uendeshaji mbovu. Mwaka 1995 benki ikafungwa. Tangu hapo mtu wa kipato cha chini hajawahi kupewa benki nyingine ya nyumba. Amepewa mpangaji.

Na kwenye upangaji nako? Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilikuwa na kasoro zake, ilifutwa mwaka 2005, na hakuna kilichowekwa mahali pake cha kumlinda mpangaji wa kawaida dhidi ya kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Bungeni tumeahidiwa zaidi ya mara moja sheria ya kusimamia sekta hii. Miaka zaidi ya 20 sasa. Dalali yeye hakusubiri sheria. Alishajipangia ya kwake: mwezi mmoja wa kodi ni wake, kwa kazi ya kukuonyesha mlango.

Hata tofali linatozwa

Sasa njoo kwenye upande unaouma zaidi. Serikali haijengi nyumba ya kijana wa Sofu, sawa. Inamwacha ajenge mwenyewe? Hapana. Inamtoza.

Tangu Julai 2023 kuna ushuru wa Sh 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ni Sh 1,000. Tukaambiwa ni kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Fundi wa nyumba ya vyumba viwili na sebule akikuandikia mifuko 200, tayari umetoa Sh 200,000 kabla ya kuhesabu VAT ya asilimia 18 inayokaa juu yake. Tajiri wa ghorofa naye analipa, ndiyo. Lakini yeye anajenga mara moja kwa mkopo. Sisi tunajenga mfuko mmoja mmoja, miaka saba, na kila mfuko tunaoubeba kwenye boda tumeshaulipia ushuru.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kisheria ni kodi ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba wetu. Ukishalipa miezi sita mbele, utaelewana na mtu kuhusu buku jero? Utanyamaza, kwa sababu unaogopa mkataba ujao.

Ukijumlisha, kijana mpangaji analipa mara tatu. Anamkopesha mwenye nyumba. Anamlipia kodi ya jengo. Na akijaribu kutoka kwenye upangaji kwa kununua saruji, analipa ushuru. Kisha anatazama runinga anaambiwa vijana hawajitumi.

Kilichowahi kufanya kazi

Sitaki niishie kulalamika. Kuna kitu kiliwahi kufanyika nchi hii, na kimejibu. Wengi mmepita Sinza. Mmeona mitaa imenyooka, barabara zinaingilika, mabomba yapo. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipangwa katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali haikujenga nyumba. Ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikaleta maji, ikampa mtu kiwanja ajenge kwa kasi ya mfuko wake. Awamu iliyofuata ikaenda Tabata na Mbagala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia maeneo ya mradi ule miongo kadhaa baadaye, ulikuta maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana makazi bora kuliko yale yaliyokuja kurekebishwa watu wakiwa wameshajazana. Ukipima mapema, gharama ni ndogo na faida inadumu. Ukichelewa, unaleta katapila.

Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam: Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma na kwingine. Upimaji ulifanyika, na viwanja vikapatikana vingi kuliko hiyo 20,000. Kasoro yake tunaijua wote. Wenye hela walichukua viwanja viwili, vitatu, wakaviacha vikaota nyasi wakisubiri bei. Hivyo kupima peke yake hakutoshi. Lazima uangalie nani anapata.

Leo kuna mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha, ule wa KKK. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga Sh 50 bilioni, mkopo usio na riba kwa halmashauri: zipime viwanja, ziuze, zirudishe, halmashauri nyingine zikope. Naomba msome tena hizo namba. Bilioni 50 kwa upimaji wa viwanja katika halmashauri za nchi, na bilioni 466 kwa nyumba 5,000.

Mtetezi atasema zile 466 zitarudi nyumba zikiuzwa. Sawa kabisa. Na hizi 50 nazo zinarudi viwanja vikiuzwa. Tofauti ni nani anahudumiwa hela ikiwa njiani. Kwenye 466 anahudumiwa mwenye uwezo wa kununua nyumba ya makumi ya mamilioni. Kwenye kiwanja cha bei ndogo, kinacholipwa kidogo kidogo, anahudumiwa mtu kama mimi.

Mimi nina kiwanja, tena. Nilichangishana na kaka yangu tukanunua cha 20 kwa 20, huko ndani kabisa, ambako boda akifika anakuuliza kama una uhakika. Hakijapimwa. Walipokuja watu wa urasimishaji tukalipa Sh 150,000, kila mtu akalipa. Kampuni ikaweka bikoni, ikapiga picha, ikaondoka. Simu ikaita wiki mbili, kisha ikazimwa. Msingi wangu uko pale, kozi tatu, na sijui barabara itapita wapi. Pengine inapita juu ya msingi wangu. Ndio hofu ya watu wengi wa pembezoni ya miji: tunajenga huku tunatazama nyuma.

Kuna watakaopinga, tuwajibu

Wa kwanza atasema: fanyeni kama Kenya. Kenya wameanzisha tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na 1.5 nyingine ya mwajiri. Ilianza kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, Bunge likatunga sheria mpya, ikasainiwa Machi 2024. Nyumba zinajengwa, hilo ni kweli. Lakini anayekatwa hana uhakika wa kupata, na hasira ya wenye mishahara mmeiona wenyewe. Sisi tusikimbilie tozo mpya. Tozo tunazo tayari, ya saruji ni mojawapo. Tuanze kwa kuuliza hizo zilizopo zinakwenda wapi.

Wa pili atasema: mkidhibiti kodi, wenye nyumba wataacha kujenga, vyumba vitakuwa adimu. Hoja hii ninaiheshimu, kwa sababu nimeona uani kwa mama yule. Ukimkataza kuchukua miezi sita bila kumpa mahali pengine pa kukopa, utamuumiza, na vyumba vyake vitatu havitapauliwa. Mwenye nyumba wa Sofu sio adui yetu. Naye kaachwa kama sisi. Kwa hiyo sheria na mkopo vije pamoja, mkono kwa mkono.

Hesabu yake ni hii. Mpe mama yule Sh 5 milioni kwa riba ya asilimia 8, alipe miaka mitano. Rejesho ni kama Sh 101,000 kwa mwezi. Vyumba vitatu kwa Sh 60,000 vinamwingizia 180,000. Analipa deni, anabaki na chochote, na anaweza kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi bila presha. Vijana watatu wanapata pa kulala bila kukimbilia kausha damu ili kukusanya miezi sita. Milioni 93 za nyumba moja ya ghorofani zinakopesha akina mama 18 wa namna hiyo. Ni vyumba 54. Na hela inarudi.

Tunachopaswa kudai

Kwanza, ushuru wa Sh 1,000 kwa mfuko wa saruji ufutwe. Kama wanashindwa kuufuta, basi uwekwe kwenye mfuko wake, isomeke kwenye bajeti, utumike kupima viwanja na kupeleka maji na barabara kwenye viwanja hivyo. Aliyeutoa ni mjenzi mdogo. Umrudie mjenzi mdogo.

Pili, mfuko wa taifa wa mikopo midogo ya ujenzi, Sh 3 milioni hadi 10 milioni, kwa riba nafuu, kupitia SACCOS na benki zilizo karibu na watu. Dhamana iwe ni kodi ya pango na utambulisho wa mtaa, isiwe lazima hati. Masharti mawili tu: atakayekopa apokee kodi mwezi kwa mwezi, na katika kila vyumba vitatu kimoja kiwe na mlango mpana na choo cha usawa wa ardhi. Hili la pili naomba lisichekwe. Tuna kamanda mwenzetu anayetumia kitimwendo. Alizunguka Kibaha wiki tatu akitafuta chumba. Hela alikuwa nayo. Kila choo kilikuwa na ngazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, ila ngazi za vyoo vyetu hazijaisoma. Na mfuko huu usiendeshwe kama THB: orodha ya wakopaji wakubwa na wasiolipa iwe wazi, awe waziri, awe diwani, awe wa chama chetu.

Tatu, KKK iongezwe fedha, na viwanja vigawiwe kwa haki. Sehemu itengwe kwa wanunuzi wa mara ya kwanza walio chini ya miaka 35, viwanja vidogo vidogo, vilipwe kwa awamu, visiuzwe kabla ya miaka mitano. Majina ya waliopata yabandikwe ofisi ya kata. Kama kuna mtu ana viwanja vinne, tumsome pale ukutani.

Nne, sheria ya upangaji. Mkataba wa maandishi, risiti, notisi inayoeleweka, kikomo cha kodi ya mbele, na chombo cha usuluhishi kilicho karibu, kisichohitaji wakili. Na kodi ya jengo ikikatwa kwenye LUKU ya mpangaji, ipungue kwenye kodi yake ya pango moja kwa moja, bila kuombana.

Tano, neno "nafuu" liwe na maana kisheria. Mradi wowote unaotumia fedha ya umma au ya mifuko ya hifadhi ya jamii utangaze kabla ya kuanza: bei ya nyumba, rejesho la mwezi, na mtu wa kipato gani anaweza kulipa. Kama anayeweza ni mwenye milioni mbili kwa mwezi, jengeni, lakini msiite nafuu. Iiteni biashara.

Kazi ya kuanzia hapa

Najua baadhi yenu mnasema haya ni ya kusubiri tushike dola. Mengine ndiyo. Mengine hapana. Mkutano wa mtaa unapaswa kufanyika kila robo mwaka, na ni haki ya kila mkazi, hauulizi kadi ya chama. Nendeni. Ulizeni: halmashauri yetu ilikopa KKK? Ilipima viwanja vingapi? Viko wapi? Nani kavipata? Mtaani kuna kampuni ngapi za urasimishaji zilizochukua hela zikaondoka? Andikeni majina ya waliolipa, kusanyeni risiti, pelekeni kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye risiti ni msumbufu. Watu mia mbili wenye risiti ni ajenda.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo nne ni ya vijana, nne wanawake na mbili watu wenye ulemavu, kwa nini vikundi vyetu viombe bodaboda tu? Kikundi cha vijana kumi cha kufyatua tofali, chenye mashine yake, Sofu hii ambayo kila kona kuna msingi unaosubiri, hakikosi wateja.

Namalizia pale barazani. Nililipa. Sikuwa na 360,000, nikapeleka ya miezi minne na nikakopa kwa kaka yangu ya miwili. Mama akahesabu noti mara mbili, akaniandikia kwenye daftari la mjukuu wake, akasema, "Mungu akubariki mwanangu, umeniezekea." Jumamosi iliyofuata nikasikia nyundo uani. Nikatoka kutazama. Fundi yuko juu anapiga misumari kwenye bati, na chini yupo kijana mmoja na begi lake, ameshakuja kuulizia chumba.

Mama akamwambia, ni miezi sita.

Makamanda, huyo kijana ndiye ninayemwandikia. Tukutane mkutano wa mtaa. Aluta continua.